Mtoto Alale Amevaa Nini?

Mwezi huu tunaanza na barua. Mama mmoja wa Dar es Salaam, mwenye mtoto wa kwanza wa miezi miwili, ametuandikia kurasa nne, na ukizisoma unaona kabisa kwamba aliziandika usiku watu wamelala.

Mama mkwe wake amekuja kutoka Makete kumsaidia kulea. Ni mama mwema. Anapika, anafua, anamwogesha mjukuu wake, na jioni anamwimbia. Lakini ikifika saa mbili usiku nyumba inaingia ubaridi wa aina nyingine. Bibi anamvalisha mtoto fulana, sweta la sufu alilolifuma kwa mikono yake, suruali ya sufu, soksi na kofia. Kisha anamviringisha katika shali na kumfunika blanketi. Mama akiamka kunyonyesha anakuta nywele za mtoto zimelowa jasho. Anamvua. Asubuhi bibi anakuta mjukuu wake amebaki na fulana tu, na hasemi na mtu mpaka saa sita mchana. Baba wa mtoto amemwambia mkewe amwache mama afanye anavyojua, maana amelea watoto saba. Dada huyu anatuuliza ni nani kati yao anayekosea, na anasema siku hizi anaogopa kulala.

Tumeisoma barua hii zaidi ya mara moja. Tunachokiona ni kwamba wanawake hawa wawili wanaogopa jambo moja, kumpoteza mtoto. Bibi anaogopa baridi. Mama anaogopa joto. Na tuseme mapema ili dada yetu apate kupumua: katika chumba chake cha bati, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, yeye ndiye mwenye haki. Lakini mtoto yule yule angekuwa Makete mwezi wa Julai, haki hiyo tungempa bibi.

Kwa hiyo neno letu la mwezi huu ni hili: nguo ya kulalia mtoto huchaguliwa na chumba anacholala. Haichaguliwi na mapenzi yetu, wala na hofu yetu, wala na uzuri wa zawadi tulizoletewa.

BIBI ALIJIFUNZIA WAPI

Tusimcheke bibi. Makete iko juu sana milimani, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huko ni kali kiasi kwamba asubuhi nyingine umande unakuwa umeganda juu ya majani. Mama aliyelea watoto saba katika baridi hiyo alijifunza somo la kweli: mtoto mchanga akipoa, anaweza kufa.

Na hospitali zinafundisha hivyo hivyo. Mtoto mchanga ana ngozi kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto upesi kuliko sisi. Kichwa chake peke yake ni karibu robo ya urefu wa mwili. Tena hawezi kutetemeka kama mtu mzima anavyotetemeka ili kujipasha. Hutegemea mafuta ya pekee aliyozaliwa nayo, mengine yakiwa kati ya mabega na shingoni, ambayo mwili wake huyachoma kama kuni. Kuni hizo zikiisha, mtoto huanza kulegea, hunyonya kwa shida, na hatari huingia.

Ndiyo maana mtoto anapozaliwa tu mkunga humkausha, humweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na humvalisha kofia. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, ana utaratibu wake. Huyu hubebwa kifuani kwa mama akiwa na nepi, kofia na soksi tu, akifungiwa kwa kitambaa, kwa njia inayoitwa ya kangaruu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu hospitali haikuwa na mashine za joto za kutosha, na leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa namna hiyo abebwe hivyo kuanzia saa 8 hadi saa 24 kila siku. Mama mwenye mtoto mdogo kiasi hicho afuate maagizo ya wauguzi wake. Haya tunayoyaandika hapa chini ni kwa mtoto aliyetimia miezi yake tumboni, mwenye afya, aliyekwisha kurudi nyumbani.

JOTO NALO LINADHURU

Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu hataisahau alasiri moja ya mwezi wa Februari, miaka mingi iliyopita. Alikuwa na mtoto wa wiki sita, amelala chumbani na sweta, kofia, soksi na blanketi, kwa kuwa jirani alisema kifua cha mtoto kinakoroma. Alipokwenda kumtazama alimkuta uso umemwiva, shingo imelowa, anapumua haraka haraka, na akimwita haamki vizuri. Alimbeba mbio hadi zahanati, na njia nzima alimkaza ndani ya lile blanketi ili upepo usimpige.

Muuguzi hakuuliza swali hata moja kwanza. Alimweka mtoto mezani akaanza kuvua: blanketi, kofia, sweta, soksi, hadi nepi. Kisha akamwambia yule mama, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Mwanangu, huyu umemvalisha au umempika?" Alimpima joto, akamwambia amnyonyeshe, akampima tena baada ya nusu saa, na akamchunguza magonjwa mengine ili asikose kitu. Walirudi nyumbani jioni. Mama huyo alibeba blanketi mkononi, na alilia njia nzima, kwa kuwa alijua kwamba alikuwa karibu kumuua mwanawe kwa upendo.

Mtu mzima akisikia joto usiku hulipiga shuka teke akaendelea kulala. Mtoto wa miezi miwili hana uwezo huo. Hawezi kuvua kofia wala kusogea mahali penye ubaridi. Hata jasho lake bado ni dogo. Kichwa ndicho mlango wake mkubwa wa kutolea joto anapolala, na sisi huufunga mlango huo kwa kofia ya sufu.

Tena kuna jambo zito zaidi ya vipele vya harara. Katika nchi zilizochunguza kwa muda mrefu vifo vya ghafla vya watoto wakiwa usingizini, mambo machache yalijirudia: mtoto kulazwa kifudifudi, kuvalishwa na kufunikwa kupita kiasi, kitu kumfunika kichwa au uso, na moshi wa sigara. Wataalamu wanaona kwamba mtoto aliyezidiwa na joto huzama katika usingizi ambao ni vigumu kwake kuamka hata pumzi inapompungukia. Uingereza ilianza kuwatangazia wazazi mwaka 1991 kwamba walaze watoto chali, bila kuwazidishia joto. Marekani ilianza kampeni yake ya kulaza watoto chali mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika nchi hizo mbili. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Wazazi walibadili tu namna ya kulaza watoto.

Wengi wetu tulifundishwa kumlaza mtoto kifudifudi ili asipaliwe akicheua. Leo inajulikana kwamba mtoto mwenye afya aliyelala chali hapaliwi zaidi kwa sababu ya mlalo huo. Basi kabla ya kuuliza avae nini, tukubaliane hili: alazwe chali kila mara, mchana na usiku.

MKONO WAKO NDIO KIPIMO

Akina mama wengi hushika vidole vya mtoto, wakakuta ni vya baridi, wakaenda kuchukua soksi na sweta. Vidole vinatudanganya. Damu ya mtoto mchanga haijazoea kufika vizuri mikononi na miguuni, kwa hiyo viungo hivyo huwa na ubaridi hata mtoto anapokuwa amepata joto la kutosha.

Shika kifua, au pitisha vidole viwili nyuma ya shingo chini ya nguo. Hapo ndipo penye ukweli.

Ukikuta pana joto la kawaida na pakavu, mtoto yuko sawa. Usiongeze kitu wala usipunguze.

Ukikuta pana jasho, au pamechemka, nywele zimelowa, mashavu yamewiva au anapumua haraka, punguza nguo moja sasa hivi, mnyonyeshe, kisha mshike tena baada ya muda mfupi.

Ukikuta kifua chenyewe kina ubaridi, mweke ngozi kwa ngozi kifuani kwako, jifunikeni mgongo wake na wako, na umnyonyeshe. Mwili wa mama hupasha upesi na kwa usalama.

Na hapa tuombe usikilize vizuri. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani, au chini ya nyuzi 35.5, ni dalili ya hatari. Vilevile mtoto anayekataa kunyonya, anayelegea, anayepumua kwa shida au haamki vizuri. Mvue nguo za ziada, ndiyo, lakini usikae nyumbani ukingoja kuona kama ni nguo tu. Mpeleke kituo cha afya, hata kama ni usiku. Yule muuguzi hakuishia kuvua nguo, alichunguza pia.

CHUMBA NDICHO KINACHOCHAGUA

Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni hii: jitazame wewe mwenyewe. Ukiwa umekaa chumbani humo usiku bila kusikia joto wala baridi, hesabu nguo ulizovaa, na mtoto avae kiasi hicho, au azidishiwe moja tu nyepesi. Ikiwa wewe umelala na gauni jepesi unajipepea kwa gazeti, sweta la mtoto linatoka wapi?

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na pwani yote katika miezi ya Januari na Februari, usiku wenyewe unaweza kuwa na nyuzi 25 au zaidi, na ndani ya nyumba ya bati yenye dirisha moja huzidi hapo. Mtoto alale na nepi na fulana nyepesi ya pamba isiyo na mikono. Usiku wenye fukuto kali nepi peke yake inatosha. Fungua dirisha. Ukiwa na feni, isimpulizie usoni moja kwa moja.

Pwani hiyo hiyo mwezi wa Julai, alfajiri huwa na ubaridi kidogo. Fulana na nguo moja nyepesi ya mikono mirefu na miguu vinatosha.

Dodoma, Morogoro au Mwanza, usiku wa kawaida, ovaroli ya pamba ya mikono mirefu juu ya fulana. Joto la mchana lisikudanganye: pima chumba cha usiku, na ukiamka kunyonyesha alfajiri mshike kifua tena.

Makete, Njombe, Mbeya, Lushoto, na kwa ndugu zetu wa Limuru au Nyahururu, miezi ya baridi, mvalishe fulana ya pamba, ovaroli ya kitambaa kizito inayofunika miguu, na juu yake sweta linalomkaa vizuri bila kupwaya. Soksi zina kazi huko. Nguo mbili au tatu nyembamba zinazomkaa mwilini hushinda blanketi moja zito, kwa kuwa hewa inayokaa kati yake huhifadhi joto, nawe ukiona zimezidi unavua moja bila kumwamsha.

Tafadhalini, dada zetu wa milimani, msipashe joto chumba cha mtoto kwa jiko la mkaa huku mmefunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na imewahi kulaza familia nzima zisiamke. Tena moto na nguo za mtoto havikai pamoja: flana yenye manyoya hushika moto upesi, iwe wa mshumaa, kibatari au jiko.

NGUO YENYEWE IWE YA NAMNA GANI

Pamba ndiyo rafiki wa mtoto. Hunyonya jasho na kupitisha hewa. Nailoni na poliesta hufungia joto ndani, hata zikiwa na maua mazuri. Gauni la lesi la siku ya ubatizo livuliwe mara mkirudi nyumbani. Halikushonwa kwa ajili ya kulalia.

Kabla ya kumlaza tazama shingoni. Pasiwe na kamba, utepe, shanga, kola inayobana, bibu, wala kofia yenye nyuzi za kufunga kidevuni. Vifungo viwe vimeshonwa imara. Nepi ya kitambaa ifungwe kwa pini ya usalama yenye kifuniko. Soksi zigeuzwe ndani nje na nyuzi zinazoning'inia zikatwe, maana uzi mmoja ukizunguka kidole cha mguu usiku kucha unaweza kukata damu isipite.

Wengi wetu huwavalisha watoto mitumba, na si aibu. Ni nguo nzuri nyingi. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, ianike juani kwenye kamba, kisha ipige pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Sababu yake si urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazoanikwa kivulini au chini mchangani, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kutokea kama jipu. Moto wa pasi huyaua mayai hayo.

Jambo la mwisho kuhusu nguo halisemwi mara nyingi. Bibi au mama akitoa sandukuni nguo alizotunza tangu mtoto wake wa mwisho, mara nyingi zina harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende. Usimvalishe mtoto nguo hizo zikiwa na harufu. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu fulani katika damu, unaopatikana sana katika maeneo yenye malaria kama kwetu, na mtoto huyo akivuta au kugusa dawa ya vidonge hivyo damu yake huvunjika, akawa wa manjano na kuumwa sana. Kwa macho huwezi kujua ni mtoto yupi. Nguo za mtoto zisiwekewe vidonge hivyo kabisa, na zile zilizokwisha kuwekewa zianikwe juani siku kadhaa na kufuliwa tena na tena hadi harufu iishe. Ikigoma kuisha, ziache.

KOFIA, BLANKETI NA KUVIRINGISHA

Kofia ni ya saa za kwanza baada ya kuzaliwa, ya mtoto njiti kwa maagizo ya wauguzi, na ya kutoka nje kwenye baridi. Mtoto mwenye afya akilala ndani, kichwa kiwe wazi. Zaidi ya joto, kofia huteleza ikafika puani.

Blanketi, shali na kanga zinazopwaya zina hatari hiyo hiyo ya kufunika uso. Kama ni lazima umfunike, tumia shuka jepesi, lifike kifuani chini ya makwapa, pembeni lichomekwe chini ya godoro, na miguu ya mtoto igote mwisho wa kitanda ili asiteleze kwenda chini yake. Mto hahitaji. Wanasesere nao wangoje asubuhi.

Kumviringisha katika kanga ni desturi ya zamani na humtuliza mtoto mchanga. Ukiviringisha, kanga iwe nyepesi, ukomee mabegani, kifua kipate nafasi ya kupumua, na miguu iachwe ipanuke na kukunjika kama chura. Kuifunga imenyooka kwa nguvu kunaweza kuteguza nyonga. Tumbebapo mgongoni miguu hupanuka vizuri, nako nyonga hupona. Aliyeviringishwa alazwe chali tu, na siku utakayomwona anajaribu kugeuka, hata kama ni ya miezi mitatu, acha kabisa kumviringisha.

Ndugu walioko Uingereza hupenda kutuletea mfuko wa kulalia wenye zipu na matundu ya mikono. Ni kitu kizuri, kwa kuwa hauwezi kufika usoni kama shingo yake inamkaa mtoto sawasawa. Lakini soma kilebo chake. Utaona neno TOG na namba. Namba 2.5 ni ya vyumba vya huko vyenye nyuzi 16 hadi 20. Ukimtia mtoto wa Temeke ndani ya mfuko huo mwezi wa Februari utakuwa umerudia kosa la yule mwenzetu. Wa pwani aombe namba 0.5, au auweke kwa ajili ya safari ya milimani.

Na chandarua chenye dawa, ambacho akina mama wengi hupewa kliniki, ndicho kifuniko pekee ambacho mtoto hakosi kukihitaji usiku penye mbu. Kichomekwe chini ya godoro pande zote, kisimlalie usoni. Mama mwingine humvika mtoto nguo nzito ili mbu wasimwume. Kazi hiyo waachie chandarua.

MKILALA KITANDA KIMOJA

Mahali palipo salama zaidi ni kitanda au kikapu chake mwenyewe chenye godoro gumu, chumbani kwenu, karibu na mkono wako, kwa miezi sita ya kwanza angalau. Tunajua hata hivyo kwamba nyumba nyingi zina kitanda kimoja. Kama ndivyo ilivyo kwako, kumbuka kwamba mwili wako ni jiko. Mtoto aliye pembeni yako avae pungufu kuliko angelala peke yake, asiingie chini ya blanketi lako, asiwe karibu na mto, asiwe katikati ya watu wazima wawili. Asilale na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Na msisinzie naye kwenye kochi. Huko ni hatari kuliko kitandani.

SASA TUMWAMBIEJE BIBI

Dada yetu wa Dar es Salaam, turudi kwako. Usimpe mama mkwe wako ukurasa huu ausome ukiwa umemsimamia. Mtu hafundishwi kwa kuaibishwa, na aliyefuma sweta miezi miwili akiwaza mjukuu ambaye hajamwona anastahili heshima.

Fanya hivi. Leo saa mbili usiku, mtoto akiwa tayari kulala, kaa naye kitandani na umwambie, "Mama, naomba mkono wako." Uweke nyuma ya shingo ya mtoto akiwa na fulana tu. Muulize anasikiaje. Mikono ya mama aliyelea saba inajua tofauti ya joto na baridi. Haijawahi kupimia hapo katika chumba cha Dar es Salaam, basi. Kisha mkubaliane kwamba saa tano na saa tisa usiku, ukiamka kunyonyesha, utapima, na mtoto akipoa utamwongezea nguo mbele yake, bila ubishi. Bibi akiona kwamba baridi nayo unaiogopa, ataweza kulala.

Na mumeo asijifiche nyuma ya watoto saba. Huyu wa nane ni wake. Naye aweke mkono wake kwenye shingo hiyo ya mtoto, kisha aseme neno moja na mama yake, kwa upole, kama mwana anavyoweza kusema na mama. Litakuwa na uzito ambao lako halina.

Tunamkumbuka Hana, aliyemshonea Samweli vazi kila mwaka alipokwenda kumwona. Alilazimika kuwaza mtoto amekuwa kiasi gani, maana la mwaka uliopita lisingemtosha. Kuvika mtoto ndivyo kulivyo. Unamtazama upya kila mara, yeye na mahali alipo.

Lile sweta usilitoe wala usilifiche. Lifue, likunje, liweke mahali ambapo bibi analiona. Mwezi wa Juni mkipanda basi kwenda Makete, mkikaribia Njombe na vioo vikianza kushika ukungu, litoe kwenye mfuko umpe yeye mwenyewe amvalishe mjukuu wake.